Mwalimu Aliyechapa Nchi kwa Vipande

Alikuwa hakuuzii ramani mpaka akuulize ya kufanyia nini. Hata ukiwa na pesa mkononi na mtoto mgongoni analia, swali ni lile lile. Ukijibu, “Ramani tu, ya Uganda,” atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya tai, kisha atasema, “Ramani tu haipo, mama. Rudi ukamuulize aliyekutuma.”

Watu walidhani ana maringo. Mimi nilikaa naye baraza moja pale Ntinda miaka mingi, yeye na meza yake ndani ya duka la fotokopi, mimi na jiko langu la vitumbua nje mlangoni, na nasema maringo hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa na woga. Aliogopa kumpa mtu karatasi itakayompoteza. Na katika watu wote aliowapa karatasi, aliyekuja kupotea ni mimi, nikiwa namtafuta mdogo wangu Rehema ili mama yetu amwone kabla hajafa.

Jina la Mwalimu nalijua. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina likishaingia sikioni mwangu halina mlango wa kutokea. Wateja wangu wa chai nawajua wote, na watoto wao, na majina ya wakwe zao. Ila siku moja nilimwita kwa jina lake mbele ya watu, akainama akaniambia polepole, “Hilo ni la nyumbani, Mama Sauda.” Basi nami naliacha huko huko nyumbani.

Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia. Mwenye duka, Mama Njeri, mwanamke wa Kenya aliyekuja Kampala na mashine moja ya fotokopi na Biblia, alimpa kiti mbele ya kompyuta amsaidie kuwachapia walimu mitihani. Haukupita mwaka, ile kona ikawa ofisi ya ramani. Alizitafuta kwenye kompyuta, akazisafisha, akazichapa. Akimwona mwanafunzi anayejifunza wilaya, alimpa ramani tupu, yenye mipaka bila majina, ajaze mwenyewe kwa penseli. Mtu wa mikutano alipewa yenye majina. Mfanyabiashara alipewa yenye barabara, na Mwalimu alikuwa amemfutia nusu ya maneno mengine ili miji isomeke.

Ramani za rangi hakuziamini. Kwenye kompyuta zinapendeza kama kanga mpya, lakini mashine ya Mama Njeri ilitoa nyeusi na nyeupe tu, na hapo kijani na nyekundu vyote vinatoka kijivu kimoja, hujui Masaka imeishia wapi na Rakai imeanzia wapi. Kwa hiyo aliziondoa rangi kwanza, akaweka mistari kwa wilaya hii na vitone kwa ile. Ziwa Victoria aliliacha jeupe.

“Ziwa linakunywa wino,” alisema.

Mama Njeri, ambaye ndiye aliyenunua huo wino, aliitikia kutoka kaunta, “Hapo umeongea, Mwalimu! Sasa hurumia na karatasi. Hizo unazotupa huko chini si majani, nazinunua mimi.”

Maana alitupa karatasi kweli kweli. Zile zilikuwa nyakati ambazo kila mara unasikia wilaya imekatwa imezaa nyingine. Mwalimu hakuwa na redio, mimi ninayo ya betri pale kando ya jiko. Asubuhi akifika, kabla ya salamu, “Mama Sauda, jana wametaja zipi?” Nami namtajia, huku nageuza vitumbua: Dokolo, Kaliro, Budaka, Bududa, Namutumba, Buliisa, Oyam. Nilizishika zote kwa mpangilio zilivyosomwa. Yeye anaandika, akimaliza anaingia ndani, anazichukua ramani zote alizochapa wiki ile, anazichana mara mbili. Mama Njeri anashika kichwa.

“Lakini Mwalimu, si ungemuuzia tu mtu asiyejali?”

“Asiyejali leo, kesho atajali akiwa njiani.”

Kila karatasi aliyoiuza aliiandikia tarehe pembeni kwa penseli. Ramani isiyo na tarehe, kwake yeye, ilikuwa uvumi.

Mikono alinawa kabla ya kugusa karatasi, kama mtu anayekwenda kula. Kikombe cha chai hakukiweka mezani abadani, alikiweka sakafuni karibu na mguu, na kila wiki alikipiga teke. Chai yangu inamwagika, naye anaiomba radhi ile chai. Mtu kulamba kidole ili afunue karatasi, hapo ndipo utamwona amekasirika. Siku nyingine nilimsikia anamfokea mwalimu mkuu wa shule fulani, mtu mnene mwenye gari, kwa sababu ya kipimo. Mwalimu mkuu alikuwa amepunguza ramani ili iingie kwenye karatasi ya mtihani, na chini yake yameandikwa maneno yale yale, kwamba sentimita moja ni kilomita kadhaa.

“Umeifinya nchi, maneno hukuyafinya!” Mwalimu alipiga kelele. “Watoto watapima kwa rula, watafika Gulu kabla ya chakula cha mchana!”

Mwalimu mkuu akasema, “Sasa tufanyeje, mzee?”

“Weka kijistari cha kipimo. Kijistari kinafinywa pamoja na nchi. Maneno hayajui kama yamefinywa.”

Akamchorea kijistari kile kwenye mitihani yote, kwa mkono, mpaka jua likazama. Ndivyo alivyokuwa. Anakufokea, halafu anakaa anakufanyia kazi yako.

Mwenye nyumba yetu, Ssalongo, baba wa mapacha, alitaka ramani kubwa ya kuweka sebuleni. Kiswahili chake ni kile cha Kampala, kinapita njia ya mkato. “Mwalimu, mimi nataka Uganda mzima, ile kubwa ya kuweka kwa ukuta.”

“Ya kufanyia nini?”

“Wageni wanaona, wanajua mimi nasoma.”

Mwalimu alifikiri, akaona jibu hilo ni la kweli, akakubali. Mashine ilikuwa ya karatasi ndogo, kwa hiyo nchi ilichapwa vipande tisa, kisha vikabandikwa kwa uji wa unga wa ngano niliompikia mimi. Kazi yote ilikuwa kuchagua mshono upite wapi. Alivihamisha vipande siku mbili ili Kampala isikatwe katikati, wala Jinja, wala Mbarara. Ssalongo akaibeba, akaenda. Kesho yake karudi, amenuna.

“Mwalimu, kijiji yangu hakuna.”

“Kipo wapi?”

“Huku ya Masaka. Wewe umepaka gundi juu yake.”

Tulicheka barazani mpaka mafuta yangu yakaungua. Mwalimu hakucheka. Alikwenda hadi kwa Ssalongo, akapanda juu ya kiti cha sebuleni, akaandika jina la kile kijiji kwa kalamu ya wino juu ya mshono, herufi ndogo nzuri kama zimechapwa. Ssalongo baadaye akawa anawaonyesha wageni kijiji kile tu, Uganda nyingine yote hana habari nayo.

Kuna siku walikuja wanaume wawili wenye suti, wakafunga mlango nyuma yao. Wilaya yao ilikuwa inagawanywa, na walitaka ramani ambayo mstari unapita upande wa pili wa soko, ili soko libaki kwao. Walisema ni karatasi ya kuonyesha mkutanoni tu. Mimi nilisikia dirishani. Mwalimu aliwauliza ya kufanyia nini, wakamwambia asijali, atapewa chake. Akasema, “Mimi nachapa nchi. Sikati nchi.” Walipotoka, akaomba chai, na siku hiyo kikombe alikishika muda wote, hakukiweka hata sakafuni.

Na mtu huyu, ambaye ukimtajia kijiji chochote alikuonyesha kwa kidole bila kutafuta, hakuwahi kupita Jinja. Basi la safari ya mbali yeye hapandi. Nilimuuliza sababu mara moja tu, akasema, “Nilisafiri sana darasani.” Sababu yenyewe niliijua baadaye.

Sasa nije kwa Rehema.

Rehema ni mdogo wangu wa mwisho. Aliolewa na Okello, mtu wa Lango huko kaskazini, askari wa gereza la Luzira, kijana mpole aliyesilimu kwa ajili yake. Vita vilipofika Kampala ile themanini na sita, watu wa kaskazini wakaogopa, wakaondoka. Okello alimpakia Rehema kwenye lori na godoro moja. Rehema alitupungia mkono pale barabarani na ndiyo ikawa mwisho. Kisha kule kwao kukaja vita vingine, na makambi, na kimya. Mama yetu hakukubali kufanya hitma yake. Kila jioni alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Akisikia hatua, “Nani huyo?” Miaka ishirini, swali moja. Mwishoni macho yalikuwa yamekwenda, miguu imekwenda, limebaki sikio na lile swali.

Njia za kaskazini zilipotulia, siku moja akaja kunywa chai mzee mmoja dereva wa lori, Odongo, hana meno ya mbele. Aling'ata kitumbua changu kwa upande, akasimama kutafuna.

“Mama, wewe una ndugu?”

“Ndugu wa nani?”

“Kuna mama mmoja anapika kama hivi. Hiliki na pilipili manga kidogo. Na anasema kama wewe, Kiswahili cha taratibu. Yuko Akwoyo, kule Lira.”

Nilimuuliza jina. Hakulijua. Alikuwa amekula tu akapita. Lakini vitumbua vya hiliki na pilipili manga ni vya Mama, hajawahi kumfundisha mtu ila sisi wawili. Odongo alimaliza chai akaenda zake, akahamia njia ya Kongo, sikumwona tena.

Niliingia dukani mikono ina unga, nikamwambia Mwalimu, “Nataka ramani.” Hakuuliza ya kufanyia nini. Alijua. Barazani pale nani hakuijua habari ya Rehema? Akaketi, akafungua ile ramani yake mpya kuliko zote, yenye wilaya na tarafa zake, akaikuza Lira, akapitisha kidole juu ya kioo kwa muda mrefu. Halafu akaruka kwenye kiti.

“Ipo! Mama Sauda, ipo! Akwoyo. Hii hapa, karibu na mji, hata si mbali.”

Mama Njeri alipiga vigelegele vya kwao. Ile karatasi hakuniuzia, alinipa, na alinichorea barabara kwa kalamu nyekundu.

Nikamwambia Mama nakwenda kumleta Rehema. Sikusema nakwenda kumtafuta. Nilisema kumleta, kwa jinsi tulivyokuwa na hakika.

Nilisafiri na binti yangu Sauda. Tukafika, Akwoyo kweli ipo, na watu wake ni watu wema. Mwenyekiti wa kijiji, Opio, alituitia wanawake wote, wakakaa tukawatazama mmoja mmoja. Bibi mmoja, Acen, alinishika mkono akasema kwa lugha yao maneno ambayo tulitafsiriwa: hapa hajawahi kuishi mwanamke Mwislamu. Tulilala siku mbili, tukauliza vijiji vya jirani. Hakuna. Tukarudi. Niliingia ndani kwa Mama peke yangu, nikafunga mlango.

Hata miezi mitatu haikuisha, Mama akafariki.

Katika hiyo miezi nilimnyima Mwalimu chai. Niwe mkweli, nilikuwa na hasira ya kitoto. Nilimuuzia kila mtu isipokuwa yeye. Anakuja na kikombe chake, nageuka upande wa pili natazama barabara. Anasimama kidogo, anarudi ndani. Mama Njeri alinijia.

“Mama Sauda, huyu mzee atakufa kwa kiti changu. Mpatie hiyo chai, mimi nitalipa.”

“Chai yangu haiendi ndani humo.”

“Basi kaa na hasira yako, lakini ujue hata yeye halali. Anakuja na macho mekundu kama nyanya.”

Alikuja kwenye msiba. Hakuwa wa dini yetu, lakini alivua viatu akakaa na wanaume chini ya turubai, akasimama wakati wa kusimama. Chakula hakugusa. Nilimwona anaondoka na kichwa chini, na moyo wangu ukasema, vizuri.

Niliporudi barazani baada ya siku za msiba, nilikuta dirisha la duka limezibwa karatasi. Mwalimu alitoka mlangoni.

“Mama Sauda, njoo ndani.”

Nikageuka kuwasha jiko.

“Sikuiti unisamehe. Nakuita usome jina.”

Niliingia kwa sababu ya namna alivyolisema lile neno jina. Kwenye kioo cha dirisha, jua likipiga kwa nyuma, alikuwa amebandika karatasi mbili, moja juu ya nyingine. Mezani palikuwa na ramani kubwa ya kitambaa, ya darasani, imejaa mikunjo mpaka nyuzi zinatoka. Sikuwahi kuiona. Ndipo aliponiambia: zile nyakati mbaya kabla ya themanini na sita, ukikutwa na ramani kwenye kizuizi cha barabarani, unaulizwa nani kakutuma, na mwenzake mmoja, mwalimu kama yeye, aliulizwa hivyo na hakurudi shuleni. Yeye akaenda kuishonea ile ya kwake ndani ya godoro, akailalia miaka yote, na vizuizi vikamwingia mwilini, akashindwa kupanda basi hata vilipokwisha kuondolewa. Akaona haya kuionyesha, kwa sababu ni ya zamani, naye ndiye anayechana ramani za zamani.

“Yule dereva Odongo,” akaniuliza, “alikuwa wa umri gani?”

“Mzee. Meno ya mbele hana.”

“Basi Lira aliyokutajia ni Lira ya meno yake yote.”

Akanieleza kwa kidole. Lira ya zamani ilikuwa kubwa, ikishuka mpaka Ziwa Kyoga. Wakaikata, wakaikata tena. Odongo alijifunza barabara zake wakati ule, na mtu haibadilishi wilaya kichwani kwa sababu imetangazwa redioni. Mwalimu alitafuta ndani ya Lira mpya ndogo, akakuta Akwoyo, akafurahi, akaacha kutafuta. Hakuwaza kwamba zinaweza kuwa mbili.

Kuzioanisha zile ramani mbili kulimchukua zile siku zote ambazo sikumpa chai. Moja kubwa, moja ndogo. Alipiga chapa ile ya zamani kwa vipande, anaikuza kidogo, haikubali, anaipunguza, haikubali. Mipaka haikumsaidia kwa sababu mipaka ndiyo iliyohama. Mwishowe alishika ufuko wa Kyoga. “Wakubwa wanahamisha wilaya,” akasema, “Kyoga hawajaihamisha.” Akalinganisha ziwa na ziwa, ghuba kwa ghuba, mpaka yakalaliana. Mama Njeri, ambaye karatasi zake zilikuwa zimejaa sakafuni kama manyoya ya kuku, hakuilalamikia hata moja. Alikuwa amesimama nyuma yangu anashika bega langu.

“Soma,” Mwalimu akaniambia.

Nilisoma kwa herufi, kama nilivyofundishwa darasa la pili. Jina lilikuwa kwenye karatasi ya chini, ile ya zamani, nalo lilipenya kwa mwanga mpaka juu ya karatasi mpya, likakaa katikati ya wilaya ya Amolatar, mahali ambapo karatasi mpya ilikuwa nyeupe. A. Kwo. Yo.

“Nilizichana kama maganda,” alisema. “Jina lako lilikuwa kwenye maganda.”

Nilitoka nje, nikamimina chai, nikaiweka sakafuni karibu na mguu wake.

Safari hii hakunipa ramani ya nchi. Alinichorea barabara peke yake, mstari mmoja kwenye karatasi ndefu, na majina ya kupitia kwa mfululizo, kwa sababu alijua mimi kichwa changu ni cha majina. Nilikuwa nimeyashika yote kabla basi halijatoka Kampala. Na Rehema nilimkuta. Alikuwa amekaa mbele ya jiko, kaniangalia mara moja, akaendelea kugeuza kitumbua, halafu akanitazama tena.

Neno lake la kwanza lilikuwa, “Mama yuko?”

Nikamwambia.

“Lini?”

“Huu ni mwezi wa pili.”

Hakupiga kelele. Alivitoa vitumbua vyote kimoja kimoja visiungue, akaepua mafuta, ndipo akainuka akanikumbatia. Okello alikuwa amekufa makambini, watoto hawakuwa nao. Alirudi nami Kampala. Lakini ile safari yangu ya kwanza, iliyokwenda Akwoyo nyingine Mama akiwa hai, sikumwambia. Nilimwomba Mama Njeri naye asimwambie. Nilisema, atapata faida gani?

Miaka ikapita. Macho ya Mwalimu yakaingia utando, kioo cha kompyuta kikamshinda, akaenda kukaa kwa binti yake huko Luzira. Meza yake ikabaki na kijana anayechapa kadi za harusi. Mtu akiuliza ramani anachapiwa yenye rangi zote, kijivu tupu, tena bila kuulizwa lolote.

Jumapili moja nikamwambia Rehema, “Twende tukamwone Mwalimu.” Alikuwa hajawahi kukaa naye, walisalimiana tu barazani. Tulimkuta amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, tai shingoni, hajui tunakuja. Alinitambua kwa sauti. Aliposikia na Rehema yupo, akaomba maji, hakuyanywa.

“Binti,” akasema, “mimi nina jambo lako.”

Nikamkatiza. “Mwalimu, tumekuletea vitumbua, kula kwanza.”

“Nitakula. Mama yako alikuwa hai, safari ya kwanza. Dada yako hajakwambia, kwa sababu ni mwema. Alikwenda Lira kukutafuta, mimi ndiye niliyempeleka mahali usipokuwa. Kuna Akwoyo mbili. Nilimpa ile nyingine. Ningempa yako, ungemkuta mama yako yupo mlangoni anakungoja. Nimekaa na jambo hili, na sasa sioni tena, ndilo pekee ninaloliona.”

Mimi nilitazama chini. Nilisikia Rehema anapumua kando yangu, na kuku wa binti wa Mwalimu wanaparua kando ya ukuta. Nilingoja alie, au anigeukie mimi.

“Hiyo nyingine,” Rehema akasema, “ni ile ya karibu na mji? Yenye soko Jumatano?”

“Sijui kama ina soko, mwanangu. Sijawahi kufika kokote.”

“Ina soko. Nilikuwa napeleka samaki wakavu pale. Dada, ulifika siku gani?”

“Ijumaa,” nikasema.

“Eh! Ijumaa, mimi nilikuwa nimeshaondoka.” Akamgeukia Mwalimu, akamgusa goti. “Hukukosea mahali, Mwalimu. Dada angengoja mpaka Jumatano tungeonana. Ilikosewa siku tu.”

Mwalimu ndiye aliyenipimia ule umbali, kutoka Kyoga kupanda mpaka Lira mjini. Hakuna mtu Uganda nzima aliyejua vizuri kuliko yeye kama mwanamke peke yake angeufuata na kikapu cha samaki kila wiki. Nilingoja aulize. Aliwauliza watu wote maisha yake yote.

“Siku,” akasema.

“Siku tu.”

Akaguna, akanyoosha mkono akitafuta sahani, nikamsogezea. Alikula vitumbua vitatu, na alipomaliza akaomba cha nne.

Tuliaga kabla ya magharibi. Tukatembea kuelekea barabara kubwa, Rehema mbele kidogo, mtandio umemteleza hajaurekebisha.

“Wewe,” nikamwita, “tangu lini umeuza samaki?”

“Ile Akwoyo nyingine sikujua kama ipo duniani mpaka leo,” akasema bila kugeuka. Akaenda hatua kadhaa, akasimama mpaka nikamfikia. “Na wewe, uliporudi bila mimi, Mama ulimwambia nini?”

“Nilimwambia nimekuona,” nikasema. “Nikamwambia umenenepa, na mvua ikikatika unakuja.”